Ua na Bonde Lake

Katika masoko ya Tunduma na Nakonde, pale ambapo Tanzania na Zambia zinatenganishwa na hatua chache tu, kuna kitafunwa cha rangi ya kahawia kinachokatwa vipande kama mkate. Wengi wanakiita chikanda, wengine wanakiita kinaka. Anayekionja mara ya kwanza hudhani ni nyama ya kusaga iliyogandishwa, kwa jinsi kinavyotafunika na kwa pilipili yake. Ndani yake hamna nyama hata chembe. Ni karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili, magadi kidogo, na unga wa viazi vidogo vilivyochimbwa chini ya maua ya bondeni. Vyote huchemshwa pamoja hadi vishikamane, kisha vikaachwa vipoe.

Maua hayo ni okidi za ardhini, na makao ya nyingi kati yake ni mabonde yenye unyevu na nyasi fupi za nyanda za juu kusini. Kitafunwa hiki kinatupa njia nzuri ya kuliingia swali ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa mimea: je, maua ya asili ya ardhi oevu yanaweza kuoteshwa katika mabonde kama ya Chitete? Na yakioteshwa, yanalipa nini kwa maji, kwa udongo na kwa shamba la mkulima?

Jibu langu ni kwamba yanaoteshwa, ila yana utaratibu wake. Maji kwanza, nyasi na ndago pili, ua likija la tatu. Mipango mingi ya kupendezesha na kurejesha ardhi oevu huanzia mwisho wa mstari huo, na ndiyo sababu hukauka kabla ya kiangazi cha pili.

Maji ya Chitete yanakokwenda

Chitete ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012 na ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Iko kati ya nyanda za juu za Tunduma na Mbozi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine bonde la ufa lenye Kamsamba, Ivuna na Ziwa Rukwa. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo nusu ya mwaka ni jua, na kila kinachoishi hutegemea maji ambayo ardhi ilijiwekea.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yanayoletwa na Mto Momba na mito mingine hayana pa kwenda isipokuwa kupanda hewani kwa joto la jua. Udongo unaoletwa na mafuriko haupandi hewani. Unatua, na unatua ndani ya ziwa la kina kifupi. Hivyo tope linalotoroka shambani juu ya mlima leo litabaki ziwani siku zote, na mvuvi wa Kamsamba anabeba mzigo wa jembe ambalo hajawahi kuliona.

Kati ya mlima na ziwa kuna kizuizi kimoja cha asili: mabonde. Mvua inayonyesha kwenye miombo hunywea ardhini, ikatembea taratibu chini kwa chini, ikajitokeza kwenye sehemu pana zisizo na miti, zenye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Ng'ambo ya mpaka huitwa dambo. Sisi husema bondeni au mbugani, na nyaraka za serikali husema ardhi oevu. Huko ndiko vinyungu hulimwa kiangazi, mboga na mahindi ya kuchoma. Huko ndiko ng'ombe hunywa mwezi wa tisa, na ndiko huchimbwa visima vifupi vijito vinapokatika. Bonde ni ghala la maji lisilo na mlango wala kufuli, na labda kwa sababu hiyo kila mtu hulichukulia kama mali isiyo na mwenyewe.

Ua linafanya kazi gani

Ukisimama ukingoni mwa bonde lenye afya mwezi wa pili, utaona mimea imejipanga kwa mistari. Pembeni kabisa, miombo inapokoma, kuna nyasi fupi na udongo ulio na unyevu lakini hautuamishi maji. Hapo ndipo penye okidi: Satyrium zenye shada refu jeupe au la waridi, Disa za rangi ya chungwa iliyoiva. Ukishuka hatua chache udongo unaanza kuzama chini ya kiatu, na hapo okidi ya njano iitwayo Eulophia angolensis husimama juu kuliko nyasi. Mbele yake kuna ndago na matete. Mwisho, panapobaki dimbwi, yungiyungi wametandaza majani yao juu ya maji.

Kila mstari ni kipimo. Ndago zikipanda kuelekea miombo, bonde linajaa maji kuliko zamani. Miti na vichaka vikishuka kuelekea katikati, bonde linakauka. Mkulima asiye na chombo chochote cha kupimia anaweza kusoma hali ya maji ya ardhi yake kwa kuangalia ua gani limehama.

Watetezi wa maua, kwa mapenzi yao, huwa wanalipa ua sifa zote za bonde, na mchambuzi hana budi kugawa kazi hizo kwa haki. Kazi nzito ya maji hufanywa na ndago, matete na mafunjo. Mashina yao mengi hupunguza kasi ya mafuriko, na maji yakipungua kasi huangusha tope lililobebwa. Mizizi yao hushika udongo. Ndani ya tope lisilo na hewa, karibu na mizizi hiyo, bakteria hugeuza naitrati ya mbolea kuwa gesi isiyodhuru inayorudi hewani, na mmea wenyewe hunyonya sehemu nyingine ya rutuba hiyo. Jijini Kampala, kinamasi cha Nakivubo chenye mafunjo kimechuja kwa miaka mingi maji machafu ya mji kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Nchini kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetafiti na kujenga mabwawa ya kuchujia majitaka yaliyopandwa mimea, matete ya kwetu yakiwa mojawapo ya mimea iliyotumika. Hakuna jambo la kufikirika hapo. Jani la bondeni linafanya kazi ambayo mji hulipia mitambo.

Ua lenyewe, kwa maana ya petali, chavua na mbochi ambayo ni maji yake matamu, lina kazi nyingine, nayo ni ya kalenda. Mahindi hayana cha kumpa nyuki isipokuwa chavua ya siku chache. Ufuta na alizeti huchanua kwa wiki kadhaa kisha basi. Nyuki, nyigu, vipepeo na nondo wanahitaji kula kabla na baada ya hapo. Bonde lenye maua ya aina nyingi huchanua kwa zamu: haya mvua za kwanza, yale katikati ya masika, mengine maji yakianza kupungua, na yungiyungi huendelea kwa muda wote ambao dimbwi lina maji. Wadudu wanaoishi kwa zamu hizo ndio wanaokuja kwenye ufuta, maharage na alizeti wakati wake ukifika, na ndio wanaojaza mizinga. Anayefyeka bonde lote ili alime anaongeza ekari za ufuta na kupunguza wanaouchavusha.

Viazi viwili chini ya ua moja

Sasa turudi kwenye chikanda. Ukimchimbua Satyrium wakati anachanua, ukaondoa udongo kwa vidole polepole, utakuta viazi viwili vimekaa bega kwa bega. Kimoja kimenyauka, ngozi yake imekunjamana na ukikibonyeza kinalegea. Hicho ndicho kilicholitoa shina hili, sasa kinamalizika. Cha pili ni kigumu, cheupe kwa ndani, kimejaa. Hicho ni mmea wa mwaka ujao. Ua likisinyaa na shina likikauka, uhai wote wa okidi hiyo utakuwa umehamia kwenye kiazi hicho kimoja, ukingoja mvua za Novemba.

Kiazi kinachotakiwa sokoni ni hicho cha pili. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kuchuma embe hakuui mwembe, na kukata mboga ya majani mara nyingi huifanya ichipue zaidi. Kuchukua kiazi cha chikanda ni kuuchukua mmea wenyewe pamoja na kesho yake.

Zamani hilo halikuwa na madhara makubwa. Chakula hiki kilikuwa cha vijiji vya kaskazini mwa Zambia, kililiwa kwa msimu, na bonde lilipata nafasi ya kupumua. Kilipopendwa Lusaka na katika miji ya migodi ya Copperbelt, mahitaji yakapanda na mabonde ya Zambia yakaanza kuisha. Wafanyabiashara wakageukia nchi jirani, na nyanda za juu kusini mwa Tanzania zikawa shamba lao. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha uchunguzi wao wa biashara hiyo. Walikadiria kwamba okidi zilizochimbwa kwa ajili ya soko la Zambia zilikuwa kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kwa mwaka. Mwaka 2014 watafiti wengine walionya tena kwamba biashara inaendelea pande zote mbili za mpaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gunia la viazi vya okidi huvuka likiwa limeandikwa viazi, au halijaandikwa kitu.

Taifa lilijibu kwa hatua moja kubwa. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, kati ya Mbeya na Makete, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa yenye eneo la takriban kilomita za mraba 413. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na ndani yake kuna aina 45 za okidi za ardhini. Faida yake haiishii kwenye maua, maana mabonde ya Kitulo ni sehemu ya vyanzo vinavyolisha Mto Ruaha Mkuu.

Lakini Kitulo si Momba. Kuilinda Kitulo kumeokoa Kitulo, na mchimbaji aliyefukuzwa huko hutafuta bonde lisilo na askari. Mabonde ya vijijini, yaliyo nje ya hifadhi zote, ndiyo yaliyobaki wazi. Yanahitaji ulinzi wa namna nyingine, unaotoka kwa watu wanaoyalima.

Je, yanaoteshwa?

Hapa ndipo penye swali la vitendo, na jibu lake ni makundi matatu.

Kundi la kwanza linashika haraka: ndago, matete, mafunjo na yungiyungi. Kipande cha mzizi wenye macho mawili au matatu, kikifukiwa kwenye tope mvua zikianza, huwa kimejikita kabla mvua hazijakatika. Yungiyungi hutaka dimbwi linalobaki na maji ya kufika magotini hivi. Mzizi wake mnene hulazwa kwenye tope na kuwekewa jiwe dogo usielee. Majani yake yakitanda huzuia jua, maji hayapati joto kali, ukungu wa kijani hupungua na samaki wadogo hupata pa kujificha. Kundi hili halihitaji mtaalamu. Linahitaji mtu mwenye jembe na mtu mwenye mamlaka ya kuwaambia wachungaji wapitishe ng'ombe kwingine kwa misimu miwili.

Kundi la pili ni maua ya vitunguu na mizizi minene: Crinum mwenye kengele nyeupe zenye mistari ya waridi, Gladiolus wa asili mwenye rangi ya moto, na Kniphofia wanaosimama kama mienge myekundu kwenye maeneo ya chepechepe yaliyo juu zaidi. Haya huoteshwa kwa kugawa vitunguu au mafungu ya mizizi, au kwa mbegu. Yanakwenda polepole kuliko ndago, lakini yanakwenda. Mama mwenye kinyungu anaweza kuyazidisha kwenye kona ya bustani yake na kuyapanda ukingoni mwa mfereji, yakashika udongo na kulisha nyuki kwa wakati mmoja.

Kundi la tatu ni okidi, na hapa lazima tuseme ukweli bila kumpa mkulima matumaini ya uongo. Tumba la okidi likikauka hupasuka na kutoa mbegu ndogo kama vumbi la unga, kwa maelfu. Ukilipuliza huoni mbegu, unaona moshi. Mbegu hizo hazina akiba yoyote ya chakula. Punje ya hindi hubeba chakula chake safarini, lakini mbegu ya okidi huondoka mikono mitupu na kutegemea kuikuta kuvu maalumu ardhini, iingie ndani yake na kumlisha mche hadi ajimudu. Kuvu hiyo haipo kila mahali. Ipo pale ambapo udongo haujageuzwa wala kutiliwa dawa, na ambapo okidi wenzake wapo. Anayepanda mbegu ya okidi kwenye udongo uliolimwa miaka kumi amelaza mtoto kwenye nyumba isiyo na mama.

Maabara zinajaribu. Kuvu huchukuliwa kwenye mizizi ya okidi mzazi, ikakuzwa kwenye chupa safi, mbegu zikawekwa juu yake, na miche ikatunzwa kwa miezi mingi kabla ya kuona jua. Watafiti wa bustani ya Kew ya London wameshughulikia okidi za chikanda pamoja na wenzao wa Zambia. Ni kazi yenye thamani, na siku moja huenda ikazaa chikanda cha shambani. Lakini si njia ya kurejesha mabonde ya wilaya nzima kwa muda tulionao.

Njia iliyopo ni rahisi kusema na ngumu kutenda: kuacha. Kipande cha bonde chenye okidi chache zilizosalia kiwekewe mipaka, kisilimwe, kisichimbwe, kisichomwe moto wakati matumba hayajapasuka. Matumba yakikauka, vumbi lake litikiswe karibu na okidi wazazi, penye kuvu yao. Toka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka kadhaa. Kwa maana hiyo, okidi hupandwa kwa uvumilivu wa kijiji kuliko kwa mikono ya mtu mmoja.

Tuta la jaruba

Hoja nzito dhidi ya yote haya ni njaa. Bonde ni mpunga, bonde ni pesa ya ada, na anayemwambia mtu wa Momba aache bonde kwa ajili ya ua anapaswa kujibu atakula nini. Hoja hii ni ya haki na sitaikwepa.

Jibu la kwanza limo ndani ya jaruba lenyewe. Nchini China, Thailand na Vietnam, wataalamu walifanya majaribio ya miaka kadhaa kwenye mashamba ya mpunga na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Walipanda mimea yenye maua ya mbochi kwenye matuta yanayozunguka majaruba. Maua hayo yakalisha nyigu wadogo na wadudu wengine wanaowaua wale wanaofyonza mpunga. Wakulima wakapunguza upuliziaji wa dawa kwa asilimia 70, mavuno ya mpunga yakapanda kwa asilimia 5, na faida ikaongezeka kwa asilimia 7.5. Mojawapo ya mimea iliyopandwa kwenye matuta hayo ni ufuta.

Ufuta! Zao ambalo Momba inalilima miaka yote, linalopakiwa kwenye magunia na kwenda sokoni kila msimu, linaweza kuwa mlinzi wa mpunga likipandwa tu kwenye tuta lililoachwa wazi. Na penye ufuta tutani, maua ya asili ya bondeni yanaweza kukaa pia, yakiendeleza mlo wa wadudu hao ufuta ukishapukutisha maua yake. Mpunga hauhitaji nyuki ili uzae. Unahitaji jeshi dogo la kuulinda, na jeshi hilo hula mbochi. Majaribio kama hayo yafanywe hapa hapa, kwa mbegu zetu na wadudu wetu, kabla ya kudai asilimia zile zile. Lakini kinachofanya kazi kule kinaeleweka vizuri, na vifaa vyake tayari tunavyo ghalani.

Jibu la pili ni la ramani. Bonde si kitu kimoja. Lina kichwa, ambako maji hujitokeza. Lina tumbo, pana na lenye rutuba. Na lina mkia, ambako hujiunga na mto. Tumbo linavumilia majaruba na vinyungu. Kichwa hakivumilii. Ukilima chemchemi, ukachimba mifereji ya kuikausha, unakausha pia majaruba yaliyo chini yake. Kuacha kichwa cha bonde kwa maua na ndago ndiko kunakompa mwenye jaruba maji ya mwisho wa msimu, pale mpunga unapojaza punje.

Tumeyaona haya kwa macho yetu. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao haukuzoea kukauka, ulianza kukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu matumizi ya maji na ardhi huko Usangu yalizidi uwezo wa kinamasi cha Ihefu. Huko Kihansi, maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme kuanzia mwaka 2000, eneo dogo lililokuwa likilowa kwa manyunyu lilibadilika, mimea yake ikavamiwa na mingine, na ikabidi kufungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kunusuru kilichobaki. Chura mdogo aliyeishi hapo peke yake duniani alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Maji yakiondoka, kila kitu kinachobaki ni gharama.

Uzuri unaotoka mbali

Lipo jaribu la kuchukua njia ya mkato: kupanda ua lolote zuri linalopenda maji. Gugumaji lilikuja Afrika kwa mvuto huo huo. Ua lake la zambarau linapendeza, asili yake ni Amerika Kusini, na lilipofika Ziwa Victoria lilifunga bandari, likanasa mitumbwi na kuwanyima samaki hewa. Mpaka leo nchi tatu zinapambana nalo. Ziwa Rukwa lisilo na njia ya kutoka litakuwa na nafasi ndogo zaidi ya kujiokoa.

Kosa la pili ni mikaratusi. Imepandwa kwenye mabonde mengi ya nyanda za juu kwa jina zuri la kuhifadhi mazingira, kwa sababu inakua haraka na mbao zake zinauzika. Mti huo unakunywa sana, na mahali pake ni kwenye mteremko mkavu, mbali na chemchemi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ndago isiyouzika imekilinda kisima cha bibi kwa vizazi. Mkaratusi unaweza kukikausha kabla mjukuu hajamaliza shule.

Nani aanze

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kutenga eneo la hifadhi na kupitisha sheria ndogo. Mabonde ya Momba yamo katika eneo la Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, na jumuiya za watumia maji zinatambuliwa kisheria. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2000 na ina maeneo manne yaliyoorodheshwa: Malagarasi–Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji–Mafia–Kilwa. Mabonde madogo ya Chitete hayamo katika orodha hiyo. Tusisubiri yaingizwe, kwa sababu yanayoyaua ni madogo na ya karibu: mfereji mmoja, tanuri moja la matofali, gunia moja la viazi.

Kuhusu chikanda, kupiga marufuku peke yake kumeshajaribiwa na kumeshindwa kwa namna inayofanana mpaka Uturuki, ambako viazi vya okidi husagwa kutengenezea kinywaji kiitwacho salep na aiskrimu, na ambako kuzuia kuviuza nje hakujamaliza uchimbaji. Biashara ya kimataifa ya okidi zote za porini inasimamiwa na mkataba wa CITES na hutakiwa kuwa na kibali. Mpakani Tunduma, tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha ambako maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Wakifundishwa kukitofautisha kiazi kikavu cha okidi na vitu vingine, gunia halitavuka bila jina. Wakati huo huo mchimbaji, ambaye mara nyingi ni mtu maskini kuliko wote kwenye mnyororo huo, apewe kitu cha kufanya: mzinga ukingoni mwa bonde, tuta la kupanda ufuta, ujira wa kulinda kichwa cha chemchemi.

Pa kuanzia ni padogo. Kijiji kimoja, bonde moja, kichwa chake tu. Mwaka wa kwanza mifereji izibwe kwa magunia ya udongo ili maji yapande, na mifugo ipate njia nyingine ya kunywea. Mwaka wa pili ndago na matete virudishwe palipobaki wazi, na yungiyungi penye dimbwi. Mwaka wa tatu Crinum na wenzake waingie pembezoni. Okidi zitakuja zenyewe kutoka kwa wazazi waliosalia, kama wamesalia, na haziwezi kuharakishwa.

Atakayetaka kupima kazi hiyo asiende bondeni mwezi wa pili kuhesabu maua. Mwezi wa pili kila bonde linapendeza. Aende mwezi wa kumi, vumbi likiwa limetanda kutoka Tunduma hadi Kamsamba, avue viatu na kukanyaga karibu na chemchemi. Akiinua mguu, na shimo la kisigino likaanza kujaa maji taratibu, basi chini ya nyasi zile kavu kipo kiazi kimoja kigumu, cheupe, kinachongoja Novemba.